Lori Lililozeeka kwa Asubuhi Moja

Vita ninavyotaka kuwasimulia ni vikubwa kuliko vyote mlivyowahi kusikia, na anayebisha aje tubishane. Vilipiganwa juu ya meza ya chakula, vikasimama mara mbili ili watu wanywe chai, na damu yote iliyomwagika ilikuwa tone moja la jirani aliyejikata na kopo la maziwa. Basi, hata hilo tone lilifutwa kwa kitambaa kabla halijafika uwanja wa mapambano.

Majemadari walikuwa wawili, wote wanawake, wote wenye miwani. Wa kwanza ni Shangazi. Huyu alipamba keki kwenye duka la mikate mpaka alipostaafu, na mtaa mzima humwita Shangazi, hata wanaomzidi umri. Wa pili ni wifi yake, mjane wa kaka yake, mkunga aliyewapokea duniani nusu ya watu wa mtaa ule. Mpaka leo humtazama mtu mzima na tai yake shingoni kama anayekumbuka alivyomshika miguu, kichwa chini. Huyo ni Mkunga, na ukimwita jina jingine hageuki.

Wanaishi nyumba moja na hawajawahi kugombana kwa jambo la maana. Wanagombana kwa yale madogo madogo, kila siku, kwa raha zao.

Chanzo cha vita ni marehemu kaka. Alikuwa dereva wa lori la safari ndefu. Madereva wenzake wakirudi waliwaletea wake zao nguo na manukato. Yeye alimletea Mkunga kikosi cha wapanda farasi. Wa plastiki, kila mmoja urefu wa kidole kidogo, na walikuja vipande vipande kwenye boksi: kichwa huku, mkono kule, farasi pembeni. Unawaunga kwa gundi, unawapaka rangi kwa brashi nyembamba kuliko ukope, kisha unawapanga mezani na kupigana na mwenzako kwa dadu na tepu ya kupimia. Kaka aliwapenda mno askari wake, ila aliwapaka rangi kama mtu anayepaka mlango. Alipofariki aliacha mjane, dada, watoto pacha waliokwisha kuhamia makwao, na majeshi mawili yaliyovimba rangi mpaka hayana pua.

Mkunga alitaka kuyagawa. Shangazi akasema hiyo ni aibu, huwezi kumpa mtu askari wa namna ile, kwanza tuwasafishe wapate sura. Wakaanza kuwabandua rangi kwa mswaki mkuukuu, mmoja mmoja, huku wakizungumza habari za marehemu na kumcheka. Walipokwisha kuwapa nyuso na vifungo vya makoti, wakaona si vibaya kujaribu ule mchezo mara moja tu. Hiyo mara moja tu inaendelea hadi leo, kila mwezi, na mwamuzi ni jirani yao, Fundi Viatu. Yeye huja na tepu yake mwenyewe, kwa sababu tepu za wenye nyumba, anasema, huwa fupi ama ndefu kufuata nani amezishika.

Sheria ni zile za kaka na hakuna anayethubutu kuzigusa. Ya kwanza: askari uchi hapigani. Asiyepakwa rangi haingii mezani hata kama jeshi lako linateketea. Ya pili ni ya bwana harusi. Bwana harusi ni askari, farasi au gari lililotoka kupakwa rangi. Siku yake ya kwanza lazima atangazwe na asimame mstari wa mbele, watu wamwone na kumsifu. Na bwana harusi, bila kukosa, hufa wa kwanza. Mkunga anasema hapo hakuna ajabu, ukimsimamisha mtu mbele ya mizinga ulitegemea nini. Shangazi hakubali hata kidogo. Anasema dadu zina kijicho, hazipendi kuona mtu kapendeza. Amewaona kwa macho yake mabwana harusi aliowahangaikia kwa subira ya keki ya ghorofa wakilazwa chini kabla chai haijapoa.

Ya tatu ndiyo inayouma. Mshindi hukaa kiti cha dirishani mpaka vita vijavyo.

Asiyepaka askari hawezi kuelewa. Dirisha la sebuleni linatazama ua wa nyuma, jua halipigi moja kwa moja, na mwanga wake ni mpole tangu asubuhi hadi alasiri, mwanga wa kukuonyesha unywele wa nyusi. Aliyeshindwa hupaka rangi kwenye korido, juu ya cherehani iliyofunikwa ubao, chini ya balbu ya manjano. Chini ya balbu ile Shangazi aliwahi kuvisha kikosi kizima makoti ya bluu iliyokolea, akayapiga na vanishi, akawatoa sebuleni kwa mbwembwe. Makoti yalikuwa kijani, kijani kile cha kuta za hospitali. Mkunga alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Akasema kazini kwake miaka yote hakuwahi kuona wodi inayotembea. Tangu siku hiyo kikosi kile kinaitwa Wagonjwa.

Pacha walipopata habari walileta taa nzuri ya mezani. Majemadari wote wawili wakashukuru sana, wakaiweka kabatini ndani ya boksi lake. Pacha wakauliza kwa nini basi wasikalie dirisha kwa zamu. Wakaambiwa waende wakaangalie nyumba zao.

Lakini utani una mwisho. Shangazi alikuwa hajashinda tangu mvua za mwanzo, na korido ilianza kumla. Mkono wake ulikuwa imara kama zamani, ule ule wa kuandika jina la mtu kwa sukari bila kutetemeka. Macho ndiyo yalikuwa hayaoni njia. Hivi karibuni alimpaka nahodha jicho, akamtoa nje, akakuta jicho liko shavuni. Alimfuta haraka na hakumwambia mtu. Moyoni alikuwa ameshajiambia: nikishindwa tena, naweka brashi chini. Si kwa hasira. Kwa kuchoka tu, kama mtu anavyoacha kushona akiona uzi hauingii tena kwenye sindano. Kwa hiyo mwenzake akidhani wanagombea kiti, Shangazi alikuwa anagombea kitu kingine.

Hapo ndipo alipolikuta lori. Lilikuwa chini kabisa ya boksi la mwisho, bado vipande, limezungushiwa kitambaa. Kaka alikuwa akiliweka mpaka atakapoacha kuendesha malori ya kweli, apate wasaa wa kulipaka vizuri. Wasaa haukuja. Shangazi akaliunga. Ndani kulikuwa na dereva, kiunoni kwenda juu tu, mikono kwenye usukani. Hakuwa na nia yoyote mbaya wala nzuri. Alitaka kumpaka uso aende zake. Ila alipofika kwenye sikio, mkono ukamchukua wenyewe. Kaka yake alikuwa na sikio moja lililosimama kuliko la pili, kama linasikiliza habari za jirani. Alivaa kofia kinyumenyume. Tena hakujua kuendesha bila kutoa kiwiko nje. Shangazi akachukua wembe, akakata mkono wa dereva begani, akaugeuza, akautia gundi upya. Kiwiko kikatoka nje ya dirisha.

Uso ule haukuwa wa kupakwa korido. Akasubiri siku ambayo Mkunga alikwenda kliniki kupima presha, akijua foleni ya kule ni ndefu na wifi yake hawezi kuondoka bila kuwakosoa wauguzi. Akaketi kiti ambacho hakikuwa chake. Akapaka, ulimi nje kama mtoto anayeandika. Geti lilipolia alikuwa jikoni, anaosha glasi ambazo tayari zilikuwa safi.

Sasa tatizo. Vita vya mwezi huo walikwisha kuvipanga: gari la Shangazi libebe chakula kutoka pembe moja ya meza hadi kwenye ngome ya pembe nyingine, ngome yenyewe ikiwa boksi la viatu alilolitoa mwamuzi. Likifika, kashinda. Likilipuliwa, kashindwa. Gari lake la siku zote lilikuwa halipo tena, kwa sababu Fundi Viatu alilikalia mwezi uliopita. Lililobaki ni lori. Na lori ni bwana harusi. Kwa sheria ya kaka mwenyewe, ilibidi kaka asimame mstari wa mbele, asifiwe, auawe.

Kaka alikwisha kufa mara moja. Shangazi hakuona sababu ya kumpeleka tena.

Kwa hiyo aliamua kusema uongo, na kwa kuwa ni mtu wa ufundi, akauandaa. Lori lilikuwa linang'aa kama limetoka dukani. Likitaka kuitwa la zamani lazima liwe na matope na kutu. Kikopo cha rangi ya kahawia kilikuwa kwa Mkunga, na kumwomba ilikuwa sawa na kujitangaza. Akavuka barabara hadi kibandani kwa Fundi Viatu, akamwomba dawa ya viatu kidogo, ya kahawia, ya viatu vyake. Fundi akamchotea kwa kisu kwenye kipande cha karatasi. Akamtazama miguuni, akarudi kwenye soli yake.

Asubuhi ya vita, Shangazi alichana kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, akaanza kuzeesha. Akagusa matairi, akagusa chini ya milango, akapandisha kutu kwenye boneti, vile vile alivyokuwa akinyunyizia kakao ukingoni mwa keki. Mpaka maji ya chai yanachemka, lori lilionekana limebeba saruji maisha yake yote. Lilinuka viatu kidogo. Akalianika kwenye dirisha la bafuni, kisha akalichomeka katikati ya vikongwe, kati ya kifaru kisicho na mtutu na farasi wa miguu mitatu, akajifanya hana hili wala lile.

Walipokwisha kupanga majeshi, Fundi Viatu akauliza kama sheria inavyotaka: kuna bwana harusi mezani? Mkunga akamtoa wake, mpiga mzinga mwenye sharubu, kazi safi ya dirishani. Akamsimamisha mbele. Wakamsifu sharubu. Kisha Fundi akamgeukia Shangazi.

"Kwangu hakuna."

"Na hilo lori?" Mkunga aliuliza.

"Hilo? La zamani hilo. Lilikuwa chini ya boksi."

Nusu ya pili ilikuwa kweli, na Shangazi alijipongeza kwa kuiweka hapo.

Vita vikaanza. Wagonjwa wakarusha dadu ya kwanza, na yule mwenye sharubu akalala chali papo hapo. Shangazi akaitazama dadu kwa heshima. Mkunga akasema imani zake azipeleke kwa wapiga ramli, akajibu kwa wapanda farasi waliofagia nusu ya mrengo wa kushoto. Wakanywa chai. Ndipo Fundi alipofungua lile kopo la maziwa na kujikata, na Mkunga akamfunga kidole huku akimwambia amewahi kuona watoto wachanga wanaolia kidogo kuliko yeye. Wakarudi mezani. Wagonjwa walikufa vizuri siku hiyo, mmoja mmoja, wakilikinga lori, na lori likasogea kwa tepu ya Fundi, likapita daraja la rula, likapita mto wa utepe wa bluu. Wakanywa chai tena. Shangazi hakuionja yake.

Ikabaki zamu moja. Lori lilikuwa karibu kabisa na ngome, na Wagonjwa wote waliokuwa mbele yake walikuwa wamelala. Mkunga alibakiwa na mzinga mmoja, na mzinga ulikuwa unalitazama lori uso kwa uso. Kati yao kulikuwa na kichaka kimoja cha sponji iliyotiwa rangi ya kijani. Dadu ikiangukia vizuri, basi, korido.

Mkunga aliinama. Ndivyo wanavyofanya: unaweka shavu mezani, unafumba jicho moja, unaangalia kile ambacho mzinga unakiona. Akainama, akafumba jicho, akatulia.

Akakaa vile. Shangazi akawa anasikia saa ya ukutani. Fundi alikohoa. Mkunga bado yuko chini, shavu mezani, miwani imeegama pembeni, na kutoka pale alipokuwa, Shangazi alijua hasa anachokitazama, maana alikipaka yeye: kioo cha mbele cha lori, kofia iliyogeuzwa, sikio.

Hatimaye Mkunga aliinuka. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa.

"Silioni," akasema.

"Hulioni nini?"

"Lori. Kichaka kimelikinga."

Fundi Viatu akainama kuhakikisha, maana ndiyo kazi yake. Kile kichaka kilifika kwenye nati za matairi. Lori lilikuwa limejificha nyuma yake kama ng'ombe aliyejificha nyuma ya kigoda. Akainuka kusema hivyo, akakutana na macho ya Mkunga, yale ya kukumbuka watu wazima walivyokuwa siku yao ya kwanza. Mkunga ndiye aliyewapokea duniani watoto wote wa Fundi.

"Kichaka kimekinga," Fundi akasema, akakunja tepu.

Mkunga akampiga mzinga farasi mmoja asiye na kosa, ambaye hata hakufa. Lori likaingia ngomeni, kiwiko nje.

Shangazi alikuwa ameshinda, na hakujua aweke wapi mikono. Alitarajia kelele, alitarajia wifi yake adai kupimwa upya, aseme meza imetikiswa. Badala yake Mkunga alikwenda dirishani, akaondoa brashi zake na vikopo vyake, akafuta kiti kwa kiganja.

"Njoo ukae, wifi. Pako hapo."

Shangazi akakaa. Mwanga wa ua ukamjia juu ya mapaja na mikono, mpole kama anavyoukumbuka, na akaona kila mshipa, kila alama ya tanuri ya miaka ile, hata doa la rangi kwenye ukucha ambalo hakujua kama lipo. Akajikuta anatabasamu peke yake. Yule nahodha atapata jicho lake mahali pake. Brashi hazitawekwa chini, si mwezi huu.

Mkunga alilitoa lori ndani ya boksi la viatu kwa vidole viwili, akavuta kigoda karibu, akaliinua kwenye mwanga.

"Umempa sikio kubwa."

"Alikuwa nalo."

"Alikuwa nalo," Mkunga akakubali. Akaligeuza taratibu. "Na kiwiko. Nilimwambia mpaka nikachoka, ipo siku utakikuta kwenye lori la mwenzako."

"Akakujibuje?"

"Akatoa na cha pili."

Wakacheka kidogo, bila kutazamana. Fundi Viatu alikuwa anaokota wapanda farasi waliolala, ingawa hakuna aliyemwomba, na aliwaokota polepole sana.

"Ulilipaka lini?" Mkunga aliuliza.

Hapo Shangazi angeweza kusema kweli. Mlango ulikuwa wazi kabisa, wifi yake mwenyewe ameushikilia. Lakini yeye ni mtu ambaye akianza keki ataimaliza, hata kama imeungua chini.

"Zamani. Mwaka juzi."

"Mwaka juzi."

"Kabla ya mvua."

"Maana huu uso umeona dirisha, wifi. Nyuso za korido hutoka na manjano ya nyongo."

"Mwaka juzi dirisha lilikuwa langu."

"Kweli," Mkunga akasema. "Lilikuwa lako."

Akaliweka lori kwenye ukingo wa dirisha, likitazama ua. Kisha akainua mkono wake kwenye mwanga na kutawanya vidole, kama alivyokuwa akikagua glavu kabla ya kazi. Kidole gumba kilikuwa cha kahawia. Cha shahada pia. Na kwenye upindo wa mkono wa gauni, pale lori lilipopumzika kidogo, kulikuwa na alama ya tairi, nzuri, imetoka na meno yake yote.

"La mwaka juzi," Mkunga akasema, "na halijakauka."

"Ni unyevu. Hali ya hewa ya siku hizi..."

Fundi Viatu akaacha wapanda farasi. Akaomba radhi, akaushika mkono wa Mkunga kwa adabu, akausogeza puani, akanusa kama mtu anayekutana na mwanawe sokoni. Kisha akainama na kuchungulia chini ya meza.

"Shangazi," akasema, "hebu tuonyeshe vile viatu."

Shangazi alivuta miguu chini ya kiti kwa haraka, na kandambili za mpira, za bluu, zikampiga visiginoni, pa, pa, kila mtu akasikia.